Gari likichemsha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hosi ya rejeta iliyopasuka ni kazi ndogo kwa fundi. Injini iliyoharibika kwa sababu dereva aliona mshale wa joto umepanda akasema "nifike tu pale mbele" ni hasara inayoweza kumaliza akiba ya mwaka mzima. Kati ya hali hizo mbili huwa kuna dakika chache tu, na maamuzi yako ndani ya dakika hizo ndiyo yanayoamua utalipia kipi. Majibu haya yameandikwa kwa kufikiria zaidi magari madogo ya petroli ya Kijapani yaliyotumika, maana ndiyo yamejaa barabarani kwetu, lakini mengi yanafaa kwa gari lolote linalopozwa kwa maji.

Niko barabarani, taa nyekundu ya joto imewaka. Nifanye nini sasa hivi?

Zima AC. Washa hita, iweke kwenye joto la mwisho na upepo wa mwisho, kisha shusha vioo vyote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili iliyo nyuma ya dashibodi: inachukua joto kutoka kwenye maji ya injini na kulitupa ndani ya gari. Ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za hadhari na utafute pa kuegesha mara moja. Ukishasimama, zima injini.

Sikiliza hita inakupa nini. Ikitoa hewa ya moto, injini bado ina maji yanayozunguka. Mshale uko juu lakini hita inatoa hewa ya baridi? Hapo maji yamekwisha au yameacha kuzunguka, na kila dakika unayoendelea kuendesha unaichoma injini. Zima papo hapo, hata kama umebakiza mita mia mbili kufika petroli stesheni.

Kama taa haijawaka, mshale umepita tu kidogo mahali pake pa kawaida na huoni mvuke, unaweza kusimama ukaiacha injini isilensa (izunguke bila kukanyaga mafuta) kwa dakika mbili tatu huku hita ikifanya kazi, uone kama mshale unashuka. Usiposhuka, zima. Kwenye magari mengi yenye feni ya umeme, ukizima injini kisha ukageuza swichi hadi ON bila kupiga stata, feni itaendelea kuvuma na kusaidia kupoza.

Nikiwa mlimani, kwa mfano Kitonga, nisimame hapo hapo?

Ndiyo, lakini si kwenye kona. Kitonga ina kona kali, upande mmoja jabali na upande mwingine bonde, na malori yanayopanda na kushuka ni mengi usiku na mchana. Tafuta sehemu iliyonyooka au iliyopanuka ambapo wanaokuja wanaweza kukuona kutoka mbali. Vuta handibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, washushe abiria wote na uwasimamishe nje kabisa ya barabara, wasikae ndani ya gari wala nyuma yake. Weka pembetatu mbali na gari, na kama iko moja tu, ongeza matawi ya miti kama madereva wa malori wanavyofanya. Mkiondoka, yaondoeni hayo matawi na hilo jiwe. Jiwe lililosahaulika katikati ya lami limeshawaangusha wenye pikipiki wengi.

Anayetokea Dar es Salaam kwenda Iringa ana nafasi nzuri ya kukagua kabla ya kupanda: Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu. Simama, angalia chini ya gari kama kuna matone, angalia kopo la akiba la maji bila kugusa mfuniko wa rejeta, kisha panda ukiwa gia ndogo. Kwa automatiki zima O/D (kitufe cha gia kubwa ya mwisho) au tumia 2 au L. Gia ndogo inaizungusha injini haraka zaidi, na mzunguko huo ndio unaoendesha wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza. Kulilazimisha gari lipande kwa gia kubwa huku limelemewa ndiko kunakopandisha joto.

Kwa nini kila mtu anakataza kufungua mfuniko wa rejeta?

Kwa sababu maji ya ndani ya rejeta hayachemki kwenye nyuzi 100. Mfuniko una springi inayozuia presha, na juu yake utaona imeandikwa 0.9 au 1.1. Kwa presha hiyo, maji yanaweza kufika karibu nyuzi 120 yakiwa bado majimaji, na yenye kulanti (dawa ya maji ya rejeta) hupita hapo. Ukifungua, presha inaondoka ghafla na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke mara ile ile. Mvuke huo unarusha maji yaliyobaki juu kwa nguvu, usoni, kifuani na mikononi kwa aliyefungua. Kitambaa hakikuokoi. Watu wameungua vibaya wakiwa wameshika kitambaa kinene.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Mvue saa, pete na nguo iliyo juu ya jeraha, isipokuwa iliyogandamana na ngozi. Usimpake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Akiwa ameungua uso, mikono au eneo kubwa, mpelekeni hospitali wakati huo huo, gari litasubiri.

Nisubiri muda gani ndipo nifungue?

Si chini ya nusu saa, na mchana wa jua kali pengine saa nzima. Kipimo kizuri kuliko saa ni ile hosi kubwa ya juu inayotoka kwenye injini kuingia kwenye rejeta. Iguse kidogo kwanza, kisha ibonyeze kwa kitambaa. Ikiwa ngumu na imejaa, presha bado ipo, rudi ukakae kivulini. Ikiwa laini na mkono unavumilia joto lake, unaweza kufungua. Funika mfuniko kwa kitambaa kinene, geuza uso pembeni, zungusha hadi kituo cha kwanza tu uache ipumue. Mlio ukiisha kabisa, ndipo ubonyeze chini na kumalizia kuzungusha.

Boneti unaweza kuifungua mapema zaidi ili joto litoke, ila ukiona mvuke unatoka pembeni mwa boneti, subiri kwanza upungue.

Sina kulanti. Naweza kuweka maji ya kunywa au ya mtoni?

Maji ya kunywa ya chupa yanafaa kabisa kukufikisha kwa fundi. Maji ya mtoni au ya kisima ni ya dharura ya mwisho. Yachuje kwa kitambaa, na ukifika uyamwage na kusafisha mfumo mzima. Maji ya chumvi ya visima vingi vya Pwani usiyazoee hata siku moja, yanakula alumini ya ndani kimyakimya.

Kosa kubwa hapa ni kumwaga maji ya baridi kwenye injini inayowaka moto. Chuma kilichotanuka kikipozwa ghafla upande mmoja hupinda au kupasuka, na silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, ndiyo ya kwanza kuumia. Subiri ipoe, kisha mimina kidogo kidogo. Rejeta ikijaa, washa injini na hita ukiwa bado hujafunga mfuniko. Utaona viputo vikitoka na maji yakishuka, ongeza tena. Hiyo ni hewa iliyonaswa ndani, na usipoitoa gari litachemsha tena baada ya kilomita chache ingawa ulijaza hadi juu. Na usimwagie injini maji kwa nje ukidhani unaipoza. Utaloanisha koili na waya, upate tatizo la pili.

Gari linakula maji lakini sioni linapovuja. Yanakwenda wapi?

Hili ndilo swali ningependa kila dereva ajiulize mapema, kabla gari halijachemsha. Mfumo wa maji ya injini umefungwa. Gari lisilo na hitilafu halipaswi kuongezwa maji kila wiki. Mtu akikwambia "gari langu nalijua, kila Jumamosi naliongeza lita moja," ujue anaishi na ugonjwa.

Anza na mfuniko. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, presha haikai, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye kopo la akiba hadi yanamwagika. Hali hii huonekana zaidi nyanda za juu. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo gari lenye mfuniko mbovu linaloonekana zima Dar linaweza kuanza kusumbua huko. Mfuniko ni spea ya bei ndogo. Nunua mpya wenye namba ile ile ya presha, usiweke wenye namba kubwa zaidi ukidhani ni bora.

Halafu angalia tangi la juu la rejeta, lile la plastiki nyeusi. Plastiki hiyo ikishakaa miaka mingi hubadilika rangi kuelekea kahawia na kupata nyufa nyembamba kama unywele pale inapoungana na alumini. Ufa huo huvuja injini ikiwa na presha tu. Ikipoa unajifunga, nawe asubuhi unakuta pakavu. Kinachobaki ni alama: ukoko mweupe, wa kijani au wa pinki kutegemea kulanti iliyokuwemo. Alama kama hiyo itafute pia chini ya wota pampu, ambako kuna tundu dogo linaloanza kudondosha sili ikichoka, na kwenye klipu za kila hosi. Zulia la upande wa abiria wa mbele likiwa limeloa na vioo vinapata ukungu wenye harufu tamutamu, hita ndiyo inayovuja.

Kama nje kote ni pakavu, maji yanaingia ndani ya injini. Chomoa kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa imechanganyika na maji, na gari hilo usiliwashe tena. Dalili nyingine ni moshi mweupe mzito unaotoka kwenye egzosi hata injini ikishapata moto, viputo visivyoisha ndani ya rejeta, au hosi kuwa ngumu kwa presha dakika chache tu baada ya kuwasha gari la baridi. Yote hayo yanaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na bloku ya injini. Fundi mwenye pampu ya kupima presha ya rejeta atakuonyesha bila kufungua injini, kwa hiyo mtafute mwenye kipimo hicho kabla ya kumkubali anayekwambia "tufungue tuone."

Langu linachemsha kwenye foleni tu, likikimbia linapoa. La mwenzangu ni kinyume. Kwa nini?

La kwako kagua feni. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta wenyewe. Likisimama kwenye foleni ya Mbagala au Ubungo, ni feni pekee inayovuta hewa. Washa AC gari likiwa limesimama na uchungulie mbele: kwenye magari mengi feni inatakiwa ianze kuzunguka mara moja. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei, waya na mota ya feni yenyewe. Ikizunguka ukiwasha AC lakini isizunguke yenyewe injini ikipata joto, shaka iko kwenye sensa au waya zake. Wengine huunganishiwa feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Kwa kufika nyumbani sawa, lakini kuiacha hivyo mwaka mzima ni kuichosha mota na kuficha tatizo.

La mwenzako, linalochemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, lina feni nzima ila maji au hewa haipiti ya kutosha. Rejeta imeziba ndani kwa kutu na uchafu, au nje kwa tope, wadudu na mbegu za nyasi. Sababu nyingine ni wota pampu iliyoliwa mapanga, mkanda unaoteleza, thamostati (valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) isiyofunguka hadi mwisho, au hosi ya chini inayonywea mwendo ukipanda. Osha rejeta kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Ile pampu ya presha ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza vile vipezi vyembamba, na hewa haipiti tena.

Fundi anasema atoe thamostati, eti nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Nikubali?

Usikubali. Thamostati ya injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuhakikisha injini inafikia joto ililoundwa kufanyia kazi na kubaki hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi na kuongeza petroli, oili inakusanya unyevu, na silinda zinalika haraka. Kwenye injini kadhaa thamostati pia ndiyo inayofunga njia ya pembeni. Isipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi mlimani.

Naelewa desturi hii imetoka wapi. Thamostati feki zimejaa madukani, zinagoma zikiwa zimejifunga, na fundi hataki urudi kulalamika. Dawa ni kuipima kabla ya kuifunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji yaliyo jikoni, uiangalie ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka na ikifunga yanapopoa. Kazi hiyo haifiki robo saa, na mteja ana haki ya kuiomba.

Hatuna barafu huku. Kulanti ya nini?

Kuzuia kuganda ni moja tu ya kazi zake. Inapandisha pia kiwango cha kuchemka, inazuia kutu na inalinda sili ya wota pampu. Injini kama 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na ndugu zake wengi, ina bloku na hedi vya alumini, na maji matupu ya bomba yanaila taratibu.

Nunua iliyoandikwa kwamba imeshachanganywa tayari, au ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, ukihakikisha si asidi. Usichague kwa rangi peke yake, kwa sababu rangi ni uamuzi wa kiwanda. Soma aina iliyopendekezwa kwa gari lako, na kama hujui kilichomo ndani, mwaga yote usafishe kabla ya kuweka mpya. Gari lililoshuka bandarini karibuni lifanyie hivyo kabla ya safari ya kwanza ndefu. Kulanti nyingi zina ladha tamu na ni sumu kali. Usiimwage uani ambako watoto, mbwa na mbuzi wanafika, wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda.

Gari langu halina mshale wa joto, lina taa tu. Inatosha?

Haitoshi. Vitz na Passo nyingi zina taa ya buluu injini ikiwa ya baridi, inazimika ikipata moto, kisha hakuna habari yoyote hadi nyekundu iwake. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Baya zaidi, sensa hupima maji. Maji yakipungua hadi sensa ikabaki hewani, inaweza isiwashe taa kabisa huku injini inaungua. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la OBD (lile la kusomea kompyuta ya gari) kinaweza kukuonyesha nyuzi kwenye simu, mradi tu gari lako linasomeka nacho. Kwa mwenye gari la taa tupu anayesafiri mikoani, ningekinunua kabla ya redio mpya. Zoea kawaida ya gari lako, nyuzi 85 hadi 100 kwa mengi, ili ukiona 106 inapanda usisubiri kuambiwa na taa.

Naweza kuziba rejeta inayovuja kwa yai au bizari?

Wapo waliofika nyumbani kwa njia hiyo. Uji huo hauchagui tundu. Unaziba pia njia nyembamba za rejeta na hita, na bili yake inakuja baadaye. Kama ni hosi iliyochanika, funga kwa vipande vya mpira wa tyubu, ukaze kwa waya, ujaze maji, uache mfuniko kwenye kituo cha kwanza ili presha isijae, uende taratibu ukisimama mara kwa mara.

Naweza kuvutwa kwa kamba nikiwa na automatiki?

Usivutwe na tairi zinazoendesha zikiwa chini. Giaboksi nyingi za automatiki hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini, injini ikizima hakuna oili inayopita. Ita gari la kubeba, au la kunyanyua zile tairi zinazoendesha. Kwa 4WD, zote nne ziwe juu.

Lilichemsha mara moja, nikaongeza maji, sasa linatembea vizuri. Nimepona?

Maji uliyoongeza yalikuwa yamekwenda mahali. Mpaka ujue ni wapi, hujatengeneza kitu. Kwa wiki mbili kagua kopo la akiba kila asubuhi injini ikiwa baridi, weka alama kwa kalamu ya wino mzito, na uchomoe kijiti cha oili. Kiwango kikibaki palepale baada ya kurekebisha tatizo, sawa. Kikishuka, nenda kwa fundi siku hiyo. Na kama ikibainika gasketi imeungua, usikubali ibadilishwe peke yake. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma, ikikutwa imepinda ipelekwe kwenye mashine isawazishwe, na bolti zake zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa kitabu. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena.

Nanunua gari la mkononi. Nitajuaje kama limewahi kuchemsha?

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta: maji ya rangi ya kutu, utando wa mafuta juu yake, au mabaki ya unga wa kuzibia ni onyo. Geuza kifuniko cha kujazia oili uangalie kama kuna ute wa rangi ya maziwa kwa ndani. Kagua mshono kati ya bloku na hedi: gundi nyekundu au nyeusi iliyofurika, na bolti zilizokwanguliwa rangi, zinaonyesha hedi imeshafunguliwa. Ikiwa hivyo, uliza nani alifungua na kwa nini. Kisha washa, liache lisilensa hadi feni iwake na kuzima angalau mara mbili, ndipo uliendeshe kwenye mwinuko huku AC ikiwa imewashwa. Muuzaji akikukataza kuwasha AC, achana na gari hilo.